Sinema ya Mjane na Hesabu ya Siku

Wapenzi wa sinema wana kanuni moja waishikayo kama sheria: hadithi njema huanza mwanzoni, hupita katikati, na huishia mwishoni. Mchezo uivunjao kanuni hiyo huitwa fujo, na mtengenezaji wake huambiwa kuwa hajui kusimulia, au kwamba amelewa mitindo ya kigeni. Kanuni hiyo ina faida zake. Mchezo wa wizi, wa safari au wa mashindano hupoteza utamu mwisho wake ukitangulizwa. Lakini kanuni imfaayo mwizi si lazima imfae mfiwa. Yakifika majonzi ya mtu aliyeondokewa na mume au mke, kanuni ya mfululizo hugeuka uongo. Na uongo huo haubaki ukumbini. Watu waliozoea kumwona mjane wa picha akipona kwa utaratibu humtaka na mjane wa jirani apone kwa utaratibu, na asipopona humhesabia kosa.

Mahali pazuri pa kulipima jambo hili ni Magomeni. Si Magomeni ya Dar es Salaam, bali kata ya jina hilo katika mji wa Mtwara, kusini kabisa mwa pwani ya Tanzania, upande uelekeao mdomo wa Mto Ruvuma. Huko, kama pwani yote, mume akifa mkewe Mwislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Ndugu huja, majirani huja, masufuria hupangwa uani, visomo husomwa. Siku zikitimia eda huisha, na watu husema kuwa sasa ametoka. Mwili umetoka kweli. Lakini mathalan asubuhi moja baada ya hapo mjane huyo anafungua simu yake kutafuta namba ya fundi wa bati, anakuta sauti ya marehemu iliyohifadhiwa humo, ikimkumbusha kununua dawa ya mbu. Sauti ile ilitumwa mwaka uliopita, imefika leo. Katika hesabu ya siku mume amekufa. Katika sikio amesema sasa hivi. Sinema itakayo kusema kweli juu ya mwanamke huyo itaiweka wapi sauti ile? Mwanzoni, iliposemwa, au mwishoni, iliposikiwa?

Swali hilo lilipata jibu la ujasiri katika 21 Grams, sinema iliyotoka mwaka 2003, iliyoongozwa na Alejandro González Iñárritu na kuandikwa na Guillermo Arriaga, wote wawili watu wa Mexico. Kisa chake kikinyooshwa ni chepesi kukieleza. Mwanamke aitwaye Cristina, aliyeigizwa na Naomi Watts, anafiwa na mumewe na mabinti wao wawili kwa siku moja, baada ya kugongwa na gari ambalo dereva wake hakusimama. Moyo wa mume unatolewa na kupandikizwa katika kifua cha mgonjwa aitwaye Paul, aliyeigizwa na Sean Penn. Dereva, aliyeigizwa na Benicio Del Toro, ni mfungwa wa zamani aliyeshika dini kwa nguvu zote. Watu hao watatu wanakutana, na mkutano wao unazaa balaa jingine.

Lakini waliotengeneza sinema hiyo hawakukinyoosha kisa. Walikivunja vipande, wakavitawanya. Mtazamaji humwona Cristina ameharibika kabla ya kumwona akiwa mke na mama mwenye raha nyumbani kwake. Ajali yenyewe haionyeshwi: kijana anafanya kazi bustanini, baba na watoto wanapita, gari linapita, kisha husikika kishindo kutoka mahali pasipoonekana. Na mjane huyo, kama yule wa Magomeni, huurudia tena na tena ujumbe wa sauti ambao mumewe aliuacha katika simu. Kishindo kile kinatokea mara moja katika kalenda. Katika maisha ya Cristina hakina siku kisichotokea.

Sinema hiyo ilipotoka, wako waliosema kuwa uvunjaji ule ni hila tu, na kwamba kisa kingekuwa na nguvu zaidi kama kingenyooshwa. Hoja hiyo yafaa kujaribiwa. Kikinyooshwa, kisa huanza na raha, hufuata ajali, hufuata huzuni, hufuata kisasi. Kila kitu kinakaa mahali pake, na kila kilichopita kimepita. Raha imekwisha, mtazamaji ameiaga. Hapo ndipo penye uongo. Kwa mfiwa raha haikwishi. Huja baada ya mazishi, na huja na makali isiyokuwa nayo zamani. Kicheko cha mume mezani, kabla ya kifo chake, ni kicheko tu, na pengine mke hakukisikia kwa kuwa alikuwa akiosha vyombo. Kicheko kile kile kikija baada ya kaburi ni kisu. Msimulizi akiwekaye mwanzoni peke yake amekionyesha kama kilivyosikika kwa jirani. Akiwekaye baada ya kaburi amekionyesha kama kisikikavyo kwa mjane. Mchezo unaodai kuwa ni wa mjane hauna budi kuchagua sikio la mjane.

Hoja ya pili ni ile ya ugeni. Husemwa kwamba Mswahili husimulia moja kwa moja, na kwamba kuruka huku na huku ni mambo ya Ulaya na Marekani. Asemaye hivyo hakusoma vizuri maandiko anayoyatetea. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mke wa Bwana Mataka wa Siyu. Mumewe alifariki mwaka 1856. Mwaka 1858, naye mwenyewe akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Utenzi huo husifiwa na kulaumiwa kwa mafunzo yake ya unyumba, na mara chache huonwa ulivyo, yaani utungo wa mjane. Mshairi humwagiza binti mambo ya ndoa itakayokuja. Katikati ya maagizo humrudia mume aliyekwisha kufa, jinsi walivyoishi bila ugomvi hata akamwachia radhi. Kisha huelekea kwenye kifo chake mwenyewe ambacho bado hakijafika. Ndoa ijayo, ndoa iliyopita na mauti yanayongojwa vimekaa kitako kimoja. Hakuna aliyewahi kumwambia Mwana Kupona kuwa ameiga wageni.

Shaaban Robert naye, aliyeishi kati ya mwaka 1909 na 1962, alifiwa na mkewe Amina. Katika Maisha Yangu alisimulia habari zake kwa nathari iliyotulia. Lakini kwa kifo cha Amina nathari haikumtosha, akashika shairi. Na katika shairi hilo hakumsimulia marehemu, bali alimsemesha, kama mtu aliyekaa mbele yake. Bwana huyo alikuwa karani na mtu wa mpango; tarehe alizijua. Alipoziacha hakuziacha kwa kutojua kazi yake. Baadaye Euphrase Kezilahabi, katika Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991, aliuvunja mfululizo wa wakati kwa kiasi ambacho sinema chache duniani zimethubutu. Anayedai kuwa Kiswahili hakikijui kipaji hicho anadai kuwa vitabu hivyo havikuchapwa.

Wala haihitajiwi kwenda mbali hadi Siyu na Tanga. Mafundi wa Kimakonde, wengi wao wakiwa wamevuka Ruvuma kutoka Msumbiji, walichonga katika gogo moja la mpingo nguzo ya watu waliobebana, wazee kwa watoto, mmoja bega la mwenziwe, mtindo uliokuja kuitwa ujamaa. Jicho laweza kuanza chini, juu au ubavuni. Waliotangulia na wanaoishi wameshikana mikono, na hapana mnunuzi anayeuliza ukurasa wa kwanza uko wapi. Mto wenyewe hufundisha somo hilo hilo. Kule Kilambo, kwenye kivuko cha kwenda Msumbiji, bahari ikijaa husukuma maji ya mto kuelekea yalikotoka. Ikipwa, maji hushuka tena. Wasafiri husubiri kando mpaka maji yawe ya kuvukika. Mtu wa mdomo wa Ruvuma huona kila siku mto ukirudi nyuma, na haulaumu kuwa umesahau njia.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, nayo hutolewa na watu wa heshima. Husema kwamba dini imekwisha kuyapanga majonzi kwa siku, na kwamba sinema inayozitawanya siku inatawanya adabu. Hoja hiyo hukosea juu ya dini yenyewe. Eda ni hesabu ya hukumu. Inamhifadhi mwanamke, inahifadhi nasaba ya mtoto aliye tumboni, inaiheshimu ndoa iliyokwisha, na inaweka mpaka ili asije mtu akamposa mjane juu ya kaburi bichi, wala asije mwingine akamfungia ndani miaka kumi. Haikusemwa popote kwamba baada ya miezi minne na siku kumi kumbukumbu itakoma. Tena mgane, yaani mume aliyefiwa na mke, hakuwekewa eda. Kama hesabu ya eda ingekuwa kipimo cha huzuni, ingebidi kusema kuwa mgane hana huzuni hata ya siku moja. Hakuna mwanachuoni atakayesema hivyo. Na Wakristo wa bara, upande wa Masasi na Ndanda, ambao hawana eda, hawalii kwa muda mfupi zaidi. Sheria huweka hesabu kwa sababu inajua kuwa moyo hauna hesabu. Sinema inayouonyesha moyo bila hesabu haishindani na sheria. Inaonyesha kwa nini sheria ilihitajiwa.

Wako na wale wasemao, kwa sauti ya huruma, kwamba mtazamaji wa kawaida wa Magomeni hataelewa. Huruma hiyo ni dharau iliyovaa kanzu. Mtazamaji huyo alilelewa katika vibanda vya video, ambamo picha za kigeni zilitafsiriwa na wasimulizi hodari. Mashuhuri wao alikuwa Derek Gaspar Mukandala wa Dar es Salaam, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Wasimulizi hao hawakutafsiri maneno tu. Walimtambulisha mtu kabla ya zamu yake, walikumbusha alichofanya nyuma, walidokeza yatakayompata mbele. Mtazamaji wa kibandani alisikia mbele na nyuma ya kisa kwa wakati mmoja, na hakupotea. Kisha akafa Steven Kanumba, tarehe 7 Aprili 2012, akiwa kijana, na nchi nzima ikamlilia. Picha zake hazikuacha kuchezwa. Watu waliorudi kutoka kwenye habari za maziko yake walimwona jioni akitembea, akitongoza, akicheka. Hapakuwa na haja ya kumweleza mtu yeyote kwamba aliyezikwa asubuhi anaweza kuingia mlangoni usiku. Sinema ilikwisha kuwafundisha. Lililobaki ni watengenezaji wa sinema kujifunza.

Ni nani basi anufaikaye na mjane aliyenyooshwa? Kwanza ni mfanyabiashara. Sinema za Tanzania zilizouzwa kwa wingi katika sahani za DVD tangu miaka ya 2000 zilikatwa mara nyingi sehemu ya kwanza na ya pili, na kisa kikapaswa kuvutwa kama kamba ili mnunuzi arudi dukani. Katika visa hivyo kifo cha mume aghalabu ni mlango wa kuingilia kwenye ugomvi wa mali. Msiba haujapoa, mashemeji wamefika, nyumba inagombewa, mjane analia mlangoni na mabegi yake. Machozi hayo ni ya nyumba. Mume mwenyewe amesahauliwa na wote, pamoja na mwandishi.

Isidhaniwe kuwa ugomvi wa mali ni jambo dogo. Amri ya mwaka 1963 iliyoandika sheria za mila za makabila yafuatayo ukoo wa baba ilimnyima mjane fungu katika urithi wa mumewe. Na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa isimamiayo mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba haki za wajane wawili wa Tanzania zilivunjwa kwa sheria hiyo. Vita hivyo ni vya haki na vipiganwe. Lakini mirathi ina mahakama yake, na majonzi hayana. Sinema ikigeuka wakili wa mirathi peke yake, nani atakayekuwa shahidi wa majonzi? Tena mjane wa picha hizo amekatwa kwa kipimo kimoja. Kusini, ambako Wamakonde, Wamakua na Wayao tangu zamani huhesabu ukoo kwa upande wa mama, aliye hatarini pengine ni mgane: mke akifa, mume huyo huweza kujikuta mgeni miongoni mwa watu wa mkewe, na watoto wake wakihesabiwa wa wajomba zao. Mwanamume huyo, akaaye kibarazani asijue kama ni mwenyeji au ni mgeni, hana hadithi ya mabegi mlangoni. Ana wakati tu, nao umemvurugikia.

Wa pili anufaikaye ni mwulizaji. Mwezi wa Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kando ya Ruvuma, kilishambuliwa na wapiganaji waliovuka kutoka Msumbiji. Watu waliuawa na nyumba zilichomwa moto. Anayefiwa katika balaa kama hilo huulizwa na afisa, na mwandishi wa habari, na mtafiti: eleza tangu mwanzo. Akianza na moshi, akaruka hadi siku ya harusi, akarudi kwenye kiatu kimoja alichokiona njiani, huambiwa kuwa anachanganya habari, na maneno yake hutiwa shaka. Huenda hakuna neno alilolisema ambalo si kweli. Kosa lake ni kwamba hakulipanga. Mahakama na polisi wana sababu ya kutaka mpango. Sinema haina. Sinema inayorudia swali la polisi imejinyima kazi yake, na imewazoesha watazamaji kusadiki kwamba mwenye kilio cha kweli ni yule tu awezaye kukipanga.

Baada ya kusema hayo, ni haki kuwakemea na wale wa upande wa pili. Kuvuruga wakati si fadhila kwa nafsi yake. Wako vijana wenye kamera wanaodhani kwamba picha ikirushwa huku na huku imekuwa ya kina, na kumbe imekuwa kitendawili. 21 Grams yenyewe haikuepuka kosa hilo: mwanzoni vipande vyake ni vingi mno hata mtazamaji hushughulika na kuvipanga badala ya kuhurumia. Mruko wa wakati uwe na kiuitacho: harufu ya samaki wa kubanikwa, sauti ya pikipiki ikizimwa nje, kanga iliyotoka sandukuni. Mjane haruki kwa kupenda, huitwa. Mruko usioitwa na kitu ni mruko wa mtengenezaji, na mjane hausiki nao. Tena si lazima kuruka. Katika Bleu ya mwaka 1993, Krzysztof Kieślowski alimfuata mjane siku baada ya siku bila kuvuruga mfululizo. Lakini katikati ya mazungumzo picha huzimika, muziki hulipuka, kisha picha hurejea pale pale ilipokuwa, kana kwamba hakuna kilichopita. Hapo wakati haukurudi nyuma, ulisimama. Hilo nalo ni kweli ya mfiwa. Linalokataliwa si mstari ulionyooka, bali mstari unaojifanya kuwa ndio moyo.

Jina la 21 Grams lina onyo ndani yake. Mwaka 1907 daktari mmoja wa Marekani, Duncan MacDougall, alitangaza matokeo ya kuwapima uzito wagonjwa walipokuwa wakikata roho, akidai kuwa roho ina uzito. Katika mmoja wao aliona upungufu wa kama gramu 21, na tarakimu hiyo ikaenea. Wanasayansi waliikataa kazi yake, maana aliowapima walikuwa wachache na matokeo hayakulingana. Wenye kalenda wanalirudia kosa la daktari huyo kwa mizani nyingine: yeye alitaka kujua roho ina gramu ngapi, wao wanataka kujua huzuni ina siku ngapi.

Mjini Mtwara iko kata iitwayo Reli. Njia ya reli iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wa karanga ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vyake viling'olewa. Jina limebaki, na watu huelekezana kwalo kila siku, hata wale waliozaliwa bila kuliona gari moshi. Hakuna awaambiaye kuwa wamechelewa kusahau. Mjane wa Magomeni, aitwaye bado kwa jina la mumewe sokoni na kisimani, anastahili ruhusa ile ile ambayo mji umejipa wenyewe. Na mwenye kamera aendaye kumpiga picha aiache kalenda nyumbani, akae naye uani, angoje kuona ni kitu gani kitakachomwita kwanza.